Namba za Simu, Mzee Schönfinkel na Mistari Miwili ya Msimbo

Wengi mliuliza kwa nini orodha ya darasa la kompyuta ilichelewa kutoka, na wengine mkauliza ile "unganisha" tuliyoiandika ubaoni Jumamosi tuliitoa wapi. Tumeona tujibu yote mawili pamoja maana ni hadithi moja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo weka simu kwenye chaji kwanza.

Mambo yalianza hivi. Tulipotangaza darasa tuliandikisha watu kwenye daftari, halafu tukaingiza majina na namba za simu kwenye laptopu. Sasa kila mtu anaandika namba anavyojua mwenyewe. Huyu anaandika 0700 000 001, yule anaandika +254-700-000-001, mwingine anaanza na 700 moja kwa moja. Na kuna watu walijiandikisha mara mbili, Jumatatu na tena Alhamisi, kwa kuogopa kwamba mara ya kwanza jina halikuingia. Hofu hiyo tunaijua sote. Kambini ukiona foleni unasimama kwanza, kuuliza foleni ya nini ni baadaye.

Orodha ikafika majina 63. Mmoja wetu akaandika programu ya kuisafisha. Ilikuwa inapita kutoka juu hadi chini, inabadilisha kila namba palepale ilipo, na ikikuta namba iliyokwisha kuonekana inafuta mstari wote. Ikimaliza inahifadhi faili juu ya faili lilelile. Majina yakabaki 51. Tukafurahi, tukachapisha, tukabandika mlangoni.

Kesho yake asubuhi akaja dada mmoja na mdogo wake wa kike. Jina la dada lipo, la mdogo halipo. Tukamwambia labda hakujiandikisha. Akasema, "Nilijiandikisha, nyinyi wenyewe mliandika, nilikuwa nimesimama hapa." Ni kweli. Wote wawili wanatumia simu moja, ya mama yao. Programu yetu iliona namba moja mara mbili ikasema huyu ni mtu mmoja. Tulipotaka kuangalia orodha ya mwanzo tukakuta haipo tena, tuliifuta wenyewe kwa mikono yetu. Ikabidi turudi kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, tukagundua watu wanne wamepotea kwa namna hiyo. Tuliwaomba radhi ana kwa ana na hapa tunawaomba tena.

Makosa yalikuwa mawili na tusiyachanganye. La kwanza ni kudhani simu moja ni mtu mmoja, na hilo halihusiani na kompyuta, ni sisi kusahau tunakoishi. La pili ni kwamba programu iliharibu kile ilichopewa. Hili la pili ndilo lenye historia ya miaka mia moja.

Dawa yake inaitwa uprogramu wa funksheni. Fikiria kibanda cha fotokopi. Unampa kijana kitambulisho chako, mashine inatoa nakala, kitambulisho kinarudi mfukoni vilevile kilivyokuwa. Hakuna mtu angekubali mashine inayomeza kitambulisho ili itoe nakala. Funksheni safi ni hivyo: inapokea kitu, inatoa kitu kipya, na kilichoingia hakiguswi. Halafu unazipanga funksheni ndogondogo mfululizo, ya kwanza inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu. Tuliandika tatu za namba: tarakimuTu inaondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha; ondoaMwanzo inatoa sifuri au 254 ya mbele; wekaMwanzo inaweka +254. Kisha tukaandika msaidizi mmoja wa kuziunganisha:

const unganisha = (...kazi) => mwanzo =>
  kazi.reduce((thamani, k) => k(thamani), mwanzo);

const safishaNamba = unganisha(tarakimuTu, ondoaMwanzo, wekaMwanzo);
const orodhaMpya = orodha.map(safishaNamba);

Msaidizi mwenyewe ni ile mistari miwili ya kwanza tu. Unampa funksheni zozote, anakurudishia funksheni moja inayozipitia zote kwa zamu. Ile orodha ya zamani inabaki, na orodhaMpya inakaa pembeni yake. Ukikosea unatupa mpya na kuanza tena, hakuna mtu anayepotea.

Tulipoulizwa "nani alibuni hii?" hatukuwa na jibu, tukaenda kusoma. Tulichokuta kinashangaza, maana sehemu kubwa ya mistari hiyo miwili ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Anza na mtu anayeitwa Moses Schönfinkel. Alizaliwa Yekaterinoslav, mji ambao leo unaitwa Dnipro, Ukraine. Alikwenda kusoma hisabati Göttingen, Ujerumani, wakati huo mji huo ulikuwa kama kisima cha wanahisabati wa dunia nzima. Tarehe 7 Desemba 1920 alisimama mbele ya chama cha wanahisabati cha pale akatoa mada. Alikuwa anajiuliza swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: ni vitu vichache kiasi gani vinatosha kujengea mantiki yote? Katika kujibu alionyesha kwamba funksheni inayohitaji vitu viwili unaweza kuigeuza ikahitaji kimoja kimoja. Unaipa cha kwanza, nayo badala ya jibu inakurudishia funksheni nyingine inayosubiri cha pili.

Hiyo mnaiona kwenye msaidizi wetu. Ile mishale miwili inayofuatana, kazi kwanza kisha mwanzo, ni wazo la Schönfinkel lilivyo. Na sisi tulilihitaji kwa sababu ya kawaida kabisa: nusu ya watu wetu bado wana laini za Uganda, za Tanzania au za Kongo, na programu ilikuwa inambandika kila mtu +254. Tukaibadilisha:

const wekaMwanzo = nchi => n => "+" + nchi + n;

Sasa wekaMwanzo("254") inakupa funksheni ya Kenya, wekaMwanzo("256") ya Uganda, wekaMwanzo("243") ya Kongo. Ondoa­Mwanzo nayo tukaifanyia vivyo hivyo. Mtambo mmoja, watoto wengi. (Bila shaka lazima ujue laini ni ya nchi gani, kwa hiyo tuliongeza safu moja kwenye orodha. Hilo hakuna mwanahisabati wa kukusaidia, inabidi uulize mtu.)

Cha ajabu ni kwamba mada ile ya 1920 Schönfinkel hakuiandika mwenyewe. Mwenzake, Heinrich Behmann, ndiye aliyeiandaa ikachapishwa 1924. Mwaka huohuo Schönfinkel alikwenda Moscow. Baada ya hapo habari zake ni chache na za kusikitisha: aliugua akili, akaishi katika umaskini, akafa Moscow mwaka 1942 katikati ya vita. Inasemekana karatasi zake majirani walizichoma ili kuota moto wakati wa baridi. Tuliposoma hapo mmoja wetu akasema, mimi siwalaumu hao majirani. Tukabishana karibu nusu saa. Nyumba zetu nyingi zilibaki na vyeti, madaftari na picha ndani, na nani anajua vilitumika kuwashia nini.

Wazo lenyewe halikuungua kwa sababu makala ilikuwa imekwisha kusafiri. Mwaka 1927 kijana Mmarekani, Haskell Curry, alikuwa anafundisha Princeton na akili yake ilikuwa ikizunguka kwenye mambo hayohayo. Akaikuta makala ya Schönfinkel maktabani, akaona kuna mtu amemtangulia. Akafunga safari mpaka Göttingen kutafuta watu waliomfahamu, akafanya utafiti wake chini ya David Hilbert huku akisaidiwa kwa karibu na Paul Bernays, akapata udaktari 1930. Leo mbinu ile inaitwa kwa jina lake, "kari". Siyo ya mchuzi, ingawa Jumamosi wote mlicheka. Curry mwenyewe hakuficha kwamba Schönfinkel ndiye wa kwanza, na ukichimba zaidi unakuta Mjerumani Gottlob Frege alikuwa amekwisha kuligusa wazo hilo mwaka 1893. Lakini jina lililobaki midomoni ni la yule aliyekuwa na chuo, wanafunzi na maisha marefu.

Na Göttingen nayo haikudumu. Mwaka 1933 Wanazi walipochukua madaraka waliwafukuza walimu wenye asili ya Kiyahudi, Bernays akiwemo, akaenda Zürich. Wengi wa wale waliokuwa pale walitawanyika. Kwa hiyo hadithi inahamia Marekani.

Princeton alikuwepo Alonzo Church. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alijenga mfumo mkubwa wa mantiki wenye nia ya kubeba hisabati yote, na ndani yake alitumia herufi ya Kigiriki, lambda, kuonyesha kwamba hapa inaanza funksheni. Mwaka 1935 wanafunzi wake mwenyewe wawili, Stephen Kleene na Barkley Rosser, wakaonyesha kwamba mfumo ule unajipinga: unaweza kuthibitisha jambo na kinyume chake. Fikiria wanafunzi wako wanakuangushia nyumba. Church hakulia. Alichukua chumba kimoja kilichobaki kimesimama, ile sehemu ya funksheni peke yake, na hicho ndicho kinachoitwa kalkulasi ya lambda. Ina vitu vitatu tu: majina, kutengeneza funksheni, na kuitumia funksheni. Namba hakuna, unazitengeneza mwenyewe kwa funksheni. Mwaka 1936 alitumia kitu hicho kidogo kuonyesha kwamba kuna maswali ambayo hakuna utaratibu wa hesabu unaoweza kuyajibu yote. Mwaka huohuo kijana wa Kiingereza, Alan Turing, alifika mahali hapohapo kwa njia nyingine, kwa kufikiria mashine inayosoma na kuandika alama kwenye utepe. Turing akavuka bahari kwenda kusoma kwa Church, akapata udaktari 1938, na yeye mwenyewe alionyesha kwamba njia zile mbili zina uwezo sawa.

Hapo kuna jambo tulilipenda sana. Mashine ya Turing inafuta na kuandika juu, kama programu yetu ya kwanza. Lambda ya Church haifuti kitu. Kila kinachoweza kufanywa na moja kinaweza kufanywa na nyingine. Ndiyo maana mtu akikuambia "bila kubadilisha orodha huwezi kufanya kazi ya maana" mjibu kwamba kesi hiyo iliamuliwa 1936.

(Kwa wale wanaopenda safari: Kurt Gödel, ambaye mihadhara yake ya Princeton ya 1934 ilichangia sana mambo haya, aliikimbia Vienna Januari 1940. Vita vilikuwa vimefunga njia ya Atlantiki kwake, basi akazunguka upande wa pili wa dunia, treni kupita Siberia, meli kutoka Japani hadi San Francisco, treni tena hadi Princeton. Safari ya kwenda magharibi kwa kuelekea mashariki. Kuna watu humu wataielewa bila kuchorewa ramani.)

Kwa miaka kama 20 lambda ilibaki karatasini. Aliyeiingiza kwenye kompyuta ni John McCarthy, alipoanza kubuni lugha ya LISP huko MIT mwaka 1958. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alichukua ile alama ya lambda lakini kitabu cha Church chote hakukielewa. Hili limewapa moyo baadhi ya wanafunzi wetu kupita kiasi. Katika makala yake ya 1960 alieleza funksheni iitwayo maplist, inayopokea orodha pamoja na funksheni, na kurudisha orodha mpya. Ndiyo babu wa ile map mnayoiona kwenye mstari wa mwisho wa msimbo wetu. Pia aliandika funksheni moja, eval, kama nadharia tu, ya kuonyesha kwamba LISP inaweza kujieleza yenyewe. Mwenzake Steve Russell akaiangalia akasema mbona hii naweza kuiingiza kwenye mashine. McCarthy akamwambia unachanganya nadharia na vitendo, hii ni ya kusoma si ya kuendesha. Russell akaenda akaiandika kwa lugha ya mashine ya IBM 704, na LISP ikaanza kufanya kazi. Ukiwa na mwalimu anayekuambia haiwezekani, mheshimu, halafu jaribu jioni.

Kupanga vitu mfululizo kuna ukoo wake mwingine. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika waraka mfupi akisema inafaa programu ziungwe kama mpira wa kumwagilia bustani, ukitaka kurefusha unachomeka kipande kingine. Kwa sisi tunaochota maji bombani picha hiyo haihitaji maelezo. Ilimchukua miaka kuwashawishi wenzake, mpaka 1973 Ken Thompson alipoiweka kwenye Unix, kwa usiku mmoja kama wanavyosimulia. "Unganisha" yetu ni mpira huohuo ndani ya programu moja. Na ile reduce iliyo ndani yake, ya kukunja orodha mpaka ibaki kitu kimoja, ilikuwa tayari kwenye kitabu cha Kenneth Iverson cha 1962 kuhusu lugha yake ya APL.

Mwaka 1977 ikatokea sauti ambayo hakuna aliyeitegemea. John Backus, kiongozi wa timu iliyoleta FORTRAN mwaka 1957, alipewa tuzo ya Turing. Badala ya kusifia kazi yake, alitumia hotuba kusema lugha za kawaida, za ukoo wa FORTRAN yake mwenyewe, zimenenepa bila kupata nguvu, kwa sababu zinafikiri kwa kuhamisha kipande kimoja kimoja cha data kupitia njia nyembamba. Alitaka programu zijengwe kwa kuunganisha funksheni. Kwa maoni yetu hii ndiyo sehemu ya kiume kuliko zote katika historia hii, mzee kusimama siku ya kusifiwa akasema nilichowapa hakitoshi.

Baada ya hapo lugha zilikuja nyingi na hatutazitaja zote. Mnamo 1990 kamati ya watafiti ilitoa Haskell, imepewa jina la yule Curry aliyefariki 1982. Wanasema mjane wake alipoulizwa ruhusa hakukataa, ila akawaambia kwamba marehemu hakuwahi kulipenda jina hilo la Haskell.

Lakini inayotugusa zaidi ni Erlang. Ilianza 1986 Sweden, katika kampuni ya simu ya Ericsson, na Joe Armstrong na wenzake. Mitambo ya simu haiwezi kuzimwa ili irekebishwe, watu wanaongea. Katika Erlang jina likishapewa thamani halibadilishwi tena, na kazi inagawanywa kwa vipande vingi vidogo visivyoshikana mikono, kimoja kikianguka vingine vinaendelea. Lugha hiyo ndiyo iliyoendesha seva za WhatsApp tangu kampuni ilipokuwa ndogo. Kwa hiyo ule ujumbe unaomtumia mama aliyebaki Uvira, ukapata tiki mbili, umepita kwenye wajukuu wa mambo haya. Mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, Jan Koum, alihamia Marekani na mama yake kutoka Ukraine mwaka 1992 akiwa na miaka 16, na waliishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Tunaijua kadi ya chakula, basi tukaona tuliweke.

Na JavaScript tunayotumia darasani? Brendan Eich aliajiriwa na Netscape 1995 akiahidiwa kuweka Scheme, mtoto wa LISP, ndani ya kivinjari. Baadaye wakubwa wakataka ifanane na Java kwa sura. Akaiandika kwa siku 10 mwezi wa tano, sura ya Java, moyo wenye funksheni za Scheme. Map na reduce ziliingia rasmi kwenye kanuni za lugha Desemba 2009, mishale na vile vidoti vitatu 2015. Mistari yetu miwili isingeandikika hivyo kabla ya hapo.

Sasa turudi kwenye orodha. Ya pili tuliitengeneza kwa njia hii. Namba zote zimesafishwa, na ya kwanza ipo kama ilivyoandikwa daftarini, hata na makosa ya herufi. Ila hatukuiruhusu programu imfute mtu yeyote. Inachofanya ni kutoa orodha ya tatu, ya wale wanaogongana namba, na sisi tunakwenda kuuliza: ni mtu mmoja au ni wawili? Tulikuta nane walikuwa mtu mmoja kaandikwa mara mbili, na wale wanne ni watu kamili wenye simu moja na ndugu zao. Majina ni 55.

Ndugu wa mashirika mnaotusoma hapa, tunajua nanyi mna orodha kwenye Ekseli na safu ya simu ndiyo mnayochujia. Tunaomba kabla ya kubonyeza kitufe cha kuondoa marudio mnakili karatasi nzima pembeni, na mtu mmoja apite kuuliza. Kama mnataka tuwape msimbo wetu, andikeni hapa chini, ni bure.

Orodha ya majina 55 imebandikwa mlangoni tangu jana. Mdogo wa yule dada ni namba 17, na ametuambia wiki ijayo anataka kuandika funksheni ya kupanga majina ambayo mtu mmoja kayaandika kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiswahili, Jean na Jani, Espérance na Esperansi. Hatujui bado itafanyikaje. Tukutane Jumamosi saa tatu asubuhi, laptopu ni tatu, mwenye yake aje nayo.